Shida Hii Nimpelekee Nani? Gavana, Kamishna, MCA, Mbunge, Seneta na Mwakilishi wa Kike Wakilinganishwa

Kila uchaguzi mkuu Mkenya hupewa karatasi sita: nyeupe ya Rais, samawati ya gavana, njano ya seneta, kijani ya mbunge, zambarau ya mwakilishi wa kike na ya kahawia hafifu ya MCA, yaani mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti. Akishapiga kura, hakuna anayemweleza ni nani kati ya hao wa kumwendea kalvati ikisombwa na mafuriko, dawa zikiisha zahanati, au mtoto akifukuzwa shule kwa karo. Basi watu humwendea wanayemjua kwa sura, au mwenye msafara mrefu zaidi, na barua hulala kwenye dawati la mtu asiye na uwezo wowote juu ya jambo lenyewe.

Kipimo ninachokitumia mimi ni maswali mawili: pesa za kitu hiki hutoka mfuko gani, na nani hutia saini zitoke? Ukijibu hayo, umeshamjua wa kumwendea, hata kama hukumpigia kura.

Gavana au kamishna wa kaunti?

Anza hapa, kwa sababu wengi hupotelea hapa. Ndani ya kaunti moja kuna serikali mbili. Moja ni ya kaunti yenyewe, iliyozaliwa na Katiba ya Agosti 2010 na kuanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013: gavana na naibu wake, mawaziri wa kaunti, maafisa wakuu, msimamizi wa kaunti ndogo, na chini yake msimamizi wa wadi. Nyingine ni serikali kuu iliyoshuka mashinani: kamishna wa kaunti, naibu kamishna, kamishna msaidizi, chifu na naibu wa chifu. Ofisi zao zaweza kuwa zimetenganishwa na ua wa michongoma tu, lakini gavana hawezi kumhamisha chifu wala OCS, mkuu wa kituo cha polisi, na kamishna hawezi kumwamuru muuguzi wa zahanati. Gavana huchaguliwa kwa miaka mitano na haruhusiwi kuzidisha vipindi viwili. Kamishna huletwa kutoka Nairobi, na barua ya uhamisho yaweza kumfikia wakati wowote.

Msomaji wa Tanzania aliyezoea mkuu wa mkoa anayeteuliwa na Rais atamtambua kamishna upesi. Gavana ndiye atakayemwia mgeni: mtu aliyechaguliwa, mwenye bajeti yake, bunge lake na mawaziri wake, katika eneo lilelile.

Mgawanyo wa kazi umeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti zina zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, ambulansi, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, taka, maji, zimamoto, barabara za kaunti, huduma za kilimo, leseni za biashara na za baa, makaburi, hata leseni ya mbwa. Serikali kuu ina polisi, shule za msingi na za upili, vyuo vikuu, mahakama, vitambulisho, barabara kuu, na hospitali za rufaa za kitaifa kama Kenyatta na ile ya Moi kule Eldoret.

Ukilielewa hilo, mambo mengi ya kila siku hujipanga yenyewe, ingawa mengine yana makali pande zote mbili. Chukua pombe. Baa yenye leseni inayopiga muziki usiku kucha karibu na shule ni suala la kaunti, kwa sababu kaunti ndiyo hutoa leseni na ndiyo husimamia kelele. Nyumba inayopika chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ni ya chifu na polisi. Nimeona wakazi wakimlaumu chifu mwaka mzima kwa baa ambayo hana mamlaka ya kuifunga, na bodi ya leseni ya kaunti haijapata hata barua moja ya malalamiko.

Ardhi nayo hukatika vipande. Hatimiliki, uhamisho wa umiliki na masajala ni wizara ya ardhi ya serikali kuu. Kibali cha kujenga, ramani za mpango wa mji na kodi ya ardhi unayolipa kila mwaka ni kaunti. Barua ya kuthibitisha warithi wa marehemu, ile ambayo mahakama huitaka kabla kesi ya mirathi haijaanza, ni ya chifu. Mtu mwenye ploti moja anaweza kulazimika kupita milango yote mitatu, na asishangae.

Mchuuzi aliyenyang'anywa bidhaa na kanjo, askari wa kaunti, aende upande wa gavana, idara ya biashara au ya utekelezaji wa sheria za kaunti, hata kama amelala seli ya polisi. OCS alitoa seli tu. Aliyekamata ni kaunti, na sheria ndogo aliyoshtakiwa nayo ilitungwa na bunge la kaunti.

Gavana mwenyewe, waziri wake, au afisa mkuu?

Tuseme umeshajua kwamba shida yako ni ya kaunti. Bado usimwandikie gavana. Yeye huteua mawaziri wa kaunti, ambao bunge la kaunti huwapiga msasa kabla hawajaapishwa, na mawaziri hao hutunga sera na kujibu maswali ya MCA. Lakini chini ya kila waziri kuna afisa mkuu, na kwa kawaida huyo ndiye mhasibu wa idara kisheria: ununuzi na malipo hupitia kwake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akija, yeye ndiye hujibu. Dawa zimeisha zahanati? Barua iende kwa afisa mkuu wa afya, nakala kwa waziri wa afya wa kaunti na kwa MCA wako. Jina la gavana likae kwenye orodha ya nakala, mwisho kabisa.

Kabla ya hapo kuna msimamizi wa wadi, ofisa ambaye watu wengi hawajui kama yupo. Hakuchaguliwa, ameajiriwa na kaunti kuratibu huduma zake katika wadi. Taka zisizozolewa wiki mbili, bomba lililopasuka, choo cha soko kilichofungwa: anza kwake. Ukiruka ngazi hiyo, barua yako itateremshwa ileile njia, na utakuwa umepoteza mwezi.

Naibu gavana nampita haraka. Kazi yake kubwa kwa mujibu wa Katiba ni kuwepo, ili gavana akifa, akijiuzulu au akiondolewa, achukue usukani bila uchaguzi mdogo. Nairobi ilionyesha maana ya pengo hilo. Naibu gavana Polycarp Igathe alijiuzulu Januari 2018 na kiti kikakaa wazi karibu miaka mitatu. Seneti ilipomwondoa gavana Mike Sonko Desemba 2020 hakukuwa na naibu wa kumrithi, ikabidi Spika wa bunge la kaunti, Benson Mutura, akaimu. Kwa mwananchi mwenye shida, naibu gavana hufaa tu pale ambapo amekabidhiwa idara maalumu, uliza kwanza.

MCA au mbunge?

Hapa ndipo uchaguzi huwa mgumu, kwa sababu wote wawili hupatikana mazishini, wote huahidi, na wote wana pesa zinazotajwa kwa jina lao.

Nchi ina wadi 1,450 na maeneo bunge 290, kwa hiyo MCA yuko karibu zaidi nawe kwa hesabu tu. Kazi yake ni tatu: kukuwakilisha, kutunga sheria za kaunti, na kuichunguza serikali ya gavana. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamkataza kufanya kazi za utekelezaji kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Hatengenezi barabara. Anachoweza, na si kidogo, ni kuhakikisha barabara hiyo imeandikwa kwenye bajeti, kisha kuuliza hadharani kwa nini haijajengwa.

Tazama kalvati moja. Mvua za Aprili zimeibeba, watoto wanavuka kwa kushikana mikono, na mama mmoja anasimama kwenye baraza: "Mheshimiwa, tumekuambia hii kalvati tangu mwaka jana." MCA anajibu, "Mama, nimeisikia, nitaifuatilia." Baraza linaisha kwa makofi. Kalvati haijaingia popote.

Kwa sababu bajeti ya kaunti ina kalenda yake, na haijali makofi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha hufika kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili, na sharti yapitishwe kabla ya Juni kuisha, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Anayeomba kalvati Aprili anaomba wakati makadirio yameshachapishwa. Labda atapata kifusi cha dharura. Anayeandika ombi Agosti, likataja jina la barabara na mahali ilipokatika, na kudai liingizwe kwenye mpango wa mwaka, huyo amemkuta MCA akiwa na kalamu mkononi. Vikao vya kukusanya maoni ya umma hutangazwa katika miezi hiyohiyo, mara nyingi kwa tangazo dogo gazetini na ujumbe wa WhatsApp siku mbili kabla. Mwombe karani wa bunge la kaunti tarehe mapema.

Mbunge yuko serikali kuu. Hupitisha sheria na bajeti ya taifa, na eneo lake hupata NG-CDF, hazina ya maendeleo ya eneo bunge inayotengewa angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu. Sheria ya 2015 inaifunga hazina hiyo kwenye kazi za serikali kuu pekee: madarasa ya shule za msingi na upili, basari, vituo vya polisi, ofisi za machifu. Kumwomba mbunge akujengee zahanati ni kumwomba avuke mpaka. Mahakama nazo hazijaiacha ipumue: Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya CDF ya 2013, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema hata hii ya sasa inakiuka Katiba, ikaipa mwisho wa 30 Juni 2026, kesi ikapanda rufaa. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, pita kwa meneja wa hazina katika ofisi ya eneo bunge umuulize ni mgao wa mwaka gani unaogawiwa.

Kwa karo za shule ya upili au chuo, mwanzo wako ni mbunge, maana elimu hiyo ni ya serikali kuu. Kaunti nyingi nazo zimekuwa zikitoa basari, na ni vyema kuomba kote kuwili, lakini za kaunti zina wasiwasi: Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizitaka kaunti zisitishe basari hadi ziwe na makubaliano rasmi na serikali kuu, na mvutano ukaishia mahakamani. Chekechea ni kinyume chake. Mwalimu wa chekechea, darasa lake na uji wa watoto ni kaunti, hata kama chekechea hiyo imo ndani ya ua wa shule ya msingi ambayo mwalimu wake mkuu ni wa TSC, tume ya walimu ya serikali kuu.

Barabara ndiyo fumbo kubwa. Barabara kuu ni KeNHA, za mijini nyingine ni KURA, za mashambani nyingine ni KeRRA, zote tatu mamlaka za serikali kuu, zilizobaki ni kaunti, na mpaka kati yao haujatulia. 2024 na 2025 wabunge na magavana waligombania shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa kutengeneza barabara. Njia rahisi ya kujua ni kutafuta kibao cha mradi. Kandarasi yoyote ya hivi karibuni huacha kibao, kimeinama au kimegeuzwa benchi, na juu yake pameandikwa aliyelipa. Kikitaja KeRRA, mfuate mbunge. Kikitaja serikali ya kaunti, rudi kwa MCA. Kama hakuna kibao, muulize mhandisi wa barabara wa kaunti akupe jibu la maandishi kwamba barabara hiyo ni yake au si yake. Jibu la "si yetu" lenye mhuri lina thamani, kwa sababu ofisi ya pili haiwezi tena kukurudisha ya kwanza.

Seneta: mchague kwa mambo gani?

Machache, ila makubwa. Seneta halindi kijiji. Hulinda kaunti nzima mbele ya Nairobi. Seneti huamua pesa zitagawanywaje kati ya kaunti 47, na si pesa ndogo: mgao wa 2025/26 ulifikia shilingi bilioni 415. Mwaka 2020 maseneta walibishana juu ya fomula kikao baada ya kikao huku kaunti zikikaa bila pesa, hadi Septemba. Mishahara ya wauguzi ikichelewa katika kaunti zote kwa pamoja, tatizo huenda liko kwa Hazina ya Taifa na seneta ndiye wa kuulizwa. Ikichelewa kwenu pekee, muulizeni gavana.

Seneti pia ndiyo mahakama ya magavana. Bunge la kaunti hupiga kura ya kumng'oa kwa theluthi mbili, kisha Seneti husikiliza na kuamua. Martin Wambora wa Embu alikuwa wa kwanza kupitia moto huo, 2014, na mahakama ikamrudisha. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondoka Januari 2020. Kawira Mwangaza wa Meru aliponea mara mbili Seneti, mara ya tatu, Agosti 2024, akaondolewa. Kwa hiyo mwenye ushahidi wa wizi wa pesa za kaunti ana sababu ya kwenda kwa seneta. Mwenye bomba lililopasuka hana.

Mwakilishi wa kike

Wapo 47, mmoja kila kaunti, na huketi Bunge la Taifa pamoja na wabunge wengine. Anashughulikia eneo kubwa kama la gavana akiwa na hazina ndogo sana ya serikali kuu, NGAAF, inayolenga vikundi vya wanawake, vijana, wenye ulemavu na wazee, pamoja na basari na wahanga wa ukatili wa kijinsia. Kama una chama kilichosajiliwa katika ofisi ya huduma za jamii, chenye akaunti ya benki na kumbukumbu za mikutano, yeye ni chaguo zuri kuliko mbunge kwa mradi mdogo wa mtaji au vifaa. Kama kikundi chenu bado ni kitabu cha daftari na mweka hazina mwenye M-Pesa yake, sajilini kwanza.

Kwa haraka

| Shida | Mlango wa kwanza | Ukishindwa |
|---|---|---|
| Dawa, ambulansi, zahanati | Afisa mkuu wa afya wa kaunti | MCA, kamati ya afya ya bunge la kaunti |
| Taka, soko, bomba | Msimamizi wa wadi | Afisa mkuu wa idara, kisha MCA |
| Darasa la msingi au upili | Ofisi ya NG-CDF | Mbunge |
| Chekechea | Idara ya elimu ya kaunti | MCA |
| Kitambulisho, mirathi, chang'aa | Chifu | Naibu kamishna wa kaunti |
| Leseni ya baa au biashara | Kaunti ndogo, idara ya biashara | MCA |
| Usalama, wizi wa mifugo | Chifu au OCS | Kamishna wa kaunti |
| Pesa za kaunti zimeibwa | Kamati ya uhasibu ya bunge la kaunti | Seneta, EACC (tume ya kupambana na ufisadi) |

Usalama nimeuacha bila maelezo kwa makusudi. Kamishna ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya kaunti, polisi hawako chini ya gavana, na gavana anayeahidi kumaliza wizi wa mifugo anaahidi kwa mkono wa mtu mwingine. Anachoweza ni taa za barabarani.

Wasipojibu

Barua ipelekwe na nakala mbili, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Ofisi nyingi zina kitabu cha barua zinazoingia na unaweza kuomba nambari ya ukurasa. Kama unachotaka ni habari, mathalani mkandarasi ni nani na kandarasi ni ya shilingi ngapi, taja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, na hiyo hupokea kesi za serikali zote mbili, kwa hiyo hapo huhitaji tena kuchagua.